Ile "Of" Ni "Ya" Yetu

Jumapili, saa moja jioni, Umoja. Msee wa smokie alikuwa anapasua za mwisho, kachumbari imebaki ya kama watu watatu hivi, na mat za kutoka tao zinamwaga watu stage wakiwa wamechoka. Dogo mmoja wa mtaa, alimaliza form four mwaka juzi, akakuja akakaa kando yangu kwa ile mbao ya base, akanipea simu.

"Bro, hebu nichekie hii kitu. Inafaa iende leo kabla ya saa sita."

Ilikuwa barua ya kusaka wera. Kampuni flani inataka wasee wa kushika simu za wateja usiku. Laini ya kwanza ilikuwa fiti, tena safi. Ya pili ilisema hivi: "Despite of I don't have experience, but I am a hardworking person."

Nikanyamaza kidogo. Hiyo sentensi naijua venye najua ngazi za kwetu kwa giza.

Miaka kadhaa imepita, niliitwa intavyu kwa ofisi moja tao. Watu watatu kwa meza. Mmoja alikuwa ameprinti barua yangu na amezungushia neno moja na biro nyekundu. Neno ya herufi mbili: "of". Akaisoma kwa sauti, akacheka, akasukumia wenzake karatasi wacheki. Kuhusu wera yenyewe sikuulizwa kitu ya maana. Nikatoka hapo nikatembea hadi Railways na hasira, na chenye kiliniuma sana sio hiyo kicheko. Ni venye hakuna mtu, siku hiyo ama kabla ya hiyo siku, alishawahi kunishow hiyo "of" ilitoka wapi. Ju ilitoka mahali. Kosa ikifanywa na wasee wengi hivi, wa Kayole, wa Kisumu, wa Likoni, wenye hawajawahi kaa darasa moja, hiyo si ujinga ya mtu mmoja. Hiyo kosa iko na mzazi.

Mzazi ni Kiswahili. Skiza polepole: licha ya mvua. Licha ya baridi. Licha ya kelele. Kila "licha" inatembea na "ya" yake, haijawahi kuachwa nyuma. Sasa kichwa ikianza kujenga sentensi ya kizungu, inatoa "licha" inaweka "despite", alafu inabaki imeshikilia "ya" kwa mkono, inashindwa itaweka wapi. Inaiweka hapo hapo, ikiwa imevaa nguo ya kizungu: "of". Despite of the rain. Msee hajakosa akili. Amebeba kitu ya kwao kwa uaminifu sana, hadi mahali haihitajiki.

Nikamwambia dogo hivyo. Akarudia mara mbili, "licha ya, despite of," alafu akacheka ile kicheko ya mtu amepata ufunguo ilikuwa mfukoni. "Kumbe ni hiyo ya!"

Ni hiyo.

Mtu anaweza uliza, mbona basi hatusemi "after of lunch", na Kiswahili inasema "baada ya"? Ama "before of", ju ya "kabla ya"? Jibu yangu ni hii: "after" na "before" tulizikuta tukiwa watoi, tukazizoea kabla hatujajua kutafsiri. "Despite" tulikutana nayo tumekua, kwa karatasi, na karatasi haina sauti ya kukurekebisha. Alafu majirani wake wote wako na "of": because of, instead of, in spite of. Ukiishi na majirani kama hao, utaanza kuvaa kama wao.

Na hapo kwa "in spite of" ndio kuna stori tamu, na mi nataka kukaa hapo kidogo.

"Despite" ilianza safari yake kwa Kilatini, kwa neno yenye ilimaanisha kuangalia kitu kutoka juu ikiwa chini, yaani kudharau. Ikapitia Kifaransa cha zamani, ikavuka ikaingia Uingereza ikiwa nomino: "despite", dharau. Wasee wa huko wakawa wanasema "in despite of", kwa kudharau kitu flani. Hata enzi za Shakespeare hiyo ilikuwa kimombo ya kawaida kabisa. Lakini watu wa mtaa ni watu wa mtaa kila mahali, na neno ndefu huchosha mdomo. Wengine wakakata kichwa ya "despite" ikabaki "spite". Vile sisi tulichukua Buruburu tukabaki na Buru, tukachukua matatu tukabaki na mat, Nairobi ikawa Nai. Ndio ikatokea "in spite of". Wengine nao wakaacha neno nzima lakini wakatupa "in" ya mbele na "of" ya nyuma. Ikabaki "despite" peke yake. Hizo mbili ni mtu mmoja, amenyolewa na vinyozi wawili tofauti.

Ukishaiona hivyo, sheria inajishika yenyewe. "In" na "of" ni dere na konda. Wakikuja, wanakuja wote wawili: in spite of. Wakishuka, wanashuka wote wawili: despite. Huwezi bakisha mmoja kwa gari. "In spite the rain" haiendi, dere yuko lakini hakuna konda. "Despite of the rain" haiendi pia, konda ananing'inia kwa mlango na kiti ya dere iko tupu. Na kitu kingine, "in spite" ni maneno mawili, yenye nafasi katikati. Ile "inspite" ya kushikanisha nimeiona kwa mabango, kwa notisi za ploti, hata kwa barua za wakubwa. Iachanishe.

Alafu bado kuna ile maana ya zamani, dharau, imekaa ndani ya neno kama mbegu. Ukisema "I came despite the rain", chini kabisa unasema: nilikuja, mvua niliichukulia poa. Niliiangalia kutoka juu. Hiyo ndio ilinifanya nipende hii neno, na ndio maana siitaki ikae kwa vitabu vya mtihani peke yake. Ni neno ya mtu ameamka saa kumi usiku akashika gari ya Gikomba. Chenye unaweka baada ya "despite" ni kile kitu kilijaribu kukusimamisha na kikashindwa.

Dogo akaangalia sentensi yake tena. "Sasa natoa of. Inakuwa 'Despite I don't have experience'?"

Hapo pia bado. Na hapo tena nilimrudisha nyumbani. Nikamuuliza, unaweza sema "licha ya sina ekspiriensi"? Akakunja uso. Hawezi. Hakuna mtu anasema hivyo, hata mtoi wa class three. Ungesema aje? Akasema bila kufikiria: "Licha ya kutokuwa na ekspiriensi."

Basi hiyo ndio sheria yote. Kiswahili inajua kwamba baada ya "licha ya" lazima ikae jina, ama kitendo chenye kimegeuzwa kuwa jina. Na Kiswahili inageuza kitendo kwa kuweka "ku" mbele: kuchelewa, kulala, kutembea. Kizungu inaweka "ing" nyuma: arriving late, sleeping, walking. Sisi tunavalisha kitendo kofia, wao wanaivalisha njumu. Licha ya kuchelewa, despite arriving late. Licha ya mathe kunikataza, despite my mother warning me. Na "kuto" yetu, ile ya kukana, inakuwa "not" ikifuatwa na njumu yake: licha ya kutokuwa na ekspiriensi, despite not having experience. Neno kwa neno. Hiyo kitu ilikuwa kwa mdomo yake tangu akiwa mtoi anaongea na shosh yake, na miaka kumi na mbili ya shule hakuna mtu alimwambia aitumie.

Kuna mtego mmoja tu kwa hiyo "ku", na ni vizuri kuusema. Hiyo hiyo "ku" saa zingine kizungu inaiita "to". Nataka kwenda, I want to go. Ndio maana unapata msee ameandika "despite to work hard" ama "instead to sleep". Lakini "ku" yenye imekaa baada ya kihusishi, yaani baada ya licha ya, badala ya, bila, hiyo ni "ing" kila siku. Badala ya kulala, instead of sleeping. Bila kulala, without sleeping. Na hata ukikuta "to" imekaa ndani ya kihusishi chenyewe, kama kwa "as opposed to", bado kitendo inavaa njumu: as opposed to waiting. Hapo wengi wanateleza ju wakiona tu hiyo "to" wanadhani "wait" inakuja uchi.

Tukabaki na ile "but" ya katikati. "Despite not having experience, but I am hardworking." Hii nayo iko na mzazi wake. Wengi wetu tunasema "ingawa nilikuwa mgonjwa, lakini nilienda," na walimu wa Kiswahili wanatuambia kila siku hiyo "lakini" imezidi, ju "ingawa" ishafanya kazi. Kwa mdomo bado inapita, mtu haoni. Kwa kizungu inaonekana sana. Ukishasema "although" ama "despite", umeshamwambia mtu kuna mgeuko unakuja, hauitaji kupiga indiketa mara mbili. Dogo akaweka kidole kwa skrini, akafuta herufi tatu moja moja, b, u, t, akabakisha koma. Hiyo koma inafaa ikae hapo kama "despite" imeanza sentensi. Ikikuja mwisho, koma ya nini: I came despite the rain.

Nasema haya na roho moja ju nimeona venye hii kitu inafundishwa. Kwa KCSE, Paper 2 ya English, kuna ile sehemu ya grama ya alama 15. Unapewa sentensi, unaambiwa uiandike upya, anza na hili neno, usibadilishe maana. Tulikuwa tunafanya hizo kama hesabu. Toa "although", weka "despite", ongeza "ing", alama moja imeingia, twende ya pili. Sikatai, mazoezi yanasaidia. Lakini sikumbuki siku moja tuliulizwa: wewe ungetaka kusema nini na hii neno? Nani ameshinda kwa hii sentensi, na nani ameshindwa?

Ju hiyo ndio inafaa kuulizwa. Cheki hizi mbili. "Although he is talented, he comes late." "Although he comes late, he is talented." Maneno ni yale yale, lakini ya kwanza inamfuta kazi na ya pili inamwachia kiti. Chenye kinakaa upande wa pili, peke yake, kinabaki kwa akili ya msomaji.

Nikamwambia dogo, barua yako iko sawa kwa grama sasa, lakini umeanza kwa kumwonyesha tajiri mahali hauna kitu. "Despite not having experience" ni kitu ya kwanza anaskia. Ni ukweli? Nikamuuliza anafanyanga nini saa hii. Anauza viatu za mtumba Gikomba na uncle yake, siku sita kwa wiki, miaka miwili sasa. Na jioni alikuwa anaenda kusoma kompyuta, akamaliza, ana cheti. Hiyo yote haikuwa kwa barua. Hata kidogo.

Manze, huyo ni mtu anaongea na wateja mia kwa siku. Wateja wa Gikomba, wenye wanashika kiatu wanakuambia soo mbili na wewe umesema soo nane, wanaenda, wanarudi, wanatusi kiatu, wananunua. Kama hiyo si ekspiriensi ya wateja, basi sijui hiyo neno inamaanisha nini.

Tukaandika tena. Sentensi ya kwanza ikawa: "Despite selling shoes in Gikomba six days a week, I completed a certificate in computer skills." Hapo kitu imeshindwa ni uchovu. Ya pili tukatumia "although" ju tulikuwa na mtu na kitendo chake kamili: "Although I have not worked in a call centre, I have served customers face to face for two years." Akaisoma akiwa amekaa wima. Nilimwona.

Sasa, kuna mahali Kiswahili inaweza kukudanganya kwa "licha ya", na hii ni muhimu kuliko ile "of", ju hapa grama inakuwa sawa na maana inaharibika. "Licha ya" iko na sura mbili. Kuna ile ya kushinda kizuizi, licha ya mvua. Na kuna ile ya kuongeza: licha ya kuwa mwalimu, yeye pia ni mkulima. Hapo hakuna kitu imeshindwa na kitu. Ualimu haumzuii mtu kulima. Unajumlisha tu. Ukiandika "despite being a teacher, she is also a farmer", mzungu na Mkenya yeyote anayeshika lugha atashangaa: kwani walimu hawaruhusiwi kushika jembe? Hapo kizungu inataka "besides being a teacher" ama "in addition to being a teacher". Kabla ya kuandika "despite", jiulize kama kuna vita hapo. Kama hakuna vita, hiyo si "despite".

Na kinyume chake pia iko. "Pamoja na" yetu mara nyingi ni kuongeza, lakini wazee wanaitumia kwa vita: pamoja na umaskini wake, alisomesha watoto wote. Hapo ukiandika "together with his poverty" umeua sentensi. Hiyo ni "despite his poverty". Ama ukitaka kitu karibu zaidi, kizungu iko na "with all" na "for all", zinafanya kitu ile ile: for all the noise, the nganya was half empty. Pamoja na mahewa yote hiyo, nusu ya viti zilikuwa tupu. Napenda sana "for all". Watu hawaitumii ju wanadhani imekosewa.

Usidhani hizi maneno ni za kupendeza tajiri. Shika Katiba ya 2010, ile ilizinduliwa Uhuru Park tarehe 27 Agosti. Ifungue Kifungu cha 25 kwa kizungu. Neno ya kwanza kabisa kwa hicho kifungu ni "Despite". Alafu zinafuata haki nne zenye haziwezi kupunguzwa: usiteswe, usifanywe mtumwa, upate kesi ya haki, na ukishikwa uweze kuletwa mbele ya korti. Hiyo "Despite" inasema: chochote kingine chenye kimeandikwa kwa hii Katiba, hizi nne zinakiangalia kutoka juu. Kila msee ameshawahi kulazwa seli bila kuambiwa makosa yake, hiyo neno moja imesimama upande wake. Na haina "of".

Mawakili wengine bado wanapenda ndugu yake mkubwa, "notwithstanding". Hiyo usiiogope, ipasue kama smokie: not, withstanding, yaani kitu hakijasimama kuzuia. Iko na tabia moja ya kipekee, inaweza kukaa nyuma ya jina lake: "the rain notwithstanding". Kwa barua ya wera naiona nzito sana. Kwa kesi ya shamba, sawa.

Tukakaa hapo, smokie zimeisha, na dogo akawa na swali ya haki: "Na nikitaka kusema mi siko kama wengine?"

Hiyo ni "unlike", tofauti na. Na hapa sheria si ya herufi, ni ya mizani. Unapima kitu na kitu chenye ni sawa nayo: mtu na mtu, mji na mji, gari na gari. "Unlike Nairobi, matatus in Mombasa are slower" imepima mji na magari. Nairobi si mat. Andika "Unlike matatus in Nairobi, those in Mombasa are slower," kama unaamini hivyo, mi sitaki kesi na watu wa Mombasa. Kwa Kiswahili tunasema "tofauti na Nairobi, mat za Mombasa" na inapita, ju mskizaji anajaza pengo mwenyewe. Kizungu cha kuandikwa hakijazi. Anza na "unlike", alafu hakikisha jina la kwanza baada ya koma ni ndugu ya lile la kabla ya koma.

Na usichanganye "unlike" na "contrary to". Kosa hii inakuja ju "kinyume na" yetu ni pana, inaingia kila mahali. "Contrary to" haishikani na watu. Inashikana na fikra, matarajio, maagizo, sheria: contrary to what people say, contrary to the rules. Kinyume na venye watu wanadhani, wasee wa Eastlands husoma sana. Hiyo ni "contrary to". Lakini "contrary to my brother, I like tea" inafanya brathako aonekane kama ni uvumi. Brathako ni "unlike".

"On the contrary" nayo ni kitu ingine kabisa, na hii imewaangusha wengi mbele ya meza. Hiyo inamaanisha zii, umekosea, ukweli ni kinyume. Mtu akuambie "You must find night work difficult", unajibu "On the contrary, I work better at night." Umekataa alichosema, kwa heshima. Lakini ukiwa unalinganisha tu vitu viwili bila kukataa mtu, kama vile broo anapenda soka na wewe unapenda raga, hapo ni "by contrast" ama "on the other hand". Ukisema "on the contrary", mtu anauliza, kwani nani amesema hupendi raga?

"Regardless of" ni bila kujali, na hapa "of" yake ni halali, iache. Chenye hufai kuongeza ni "ir" mbele yake. Ile "less" ya nyuma tayari ni "bila". Ukiweka "ir" umesema bila mara mbili.

Saa tatu kasoro. Dogo akachukua simu yake, akaanza kupitia barua kutoka juu, na nikaona kidole inafuta kitu chini kabisa. Nikacheki. Mwisho alikuwa ameandika "Because of my customers, I have learnt patience." Ameshatoa "of". Imebaki "Because my customers, I have learnt patience."

"Hapana, hiyo rudisha."

"Si umesema of ni ya yetu?"

"Ya 'despite' ndio ni yetu. Hii ni yao. Kwa sababu ya, because of. Badala ya, instead of. Hapo walikubaliana na sisi."

Akafikiria. Akarudisha herufi mbili, o na f, na nafasi pande zote. Alafu akasoma barua yote tena kwa sauti, kutoka jina lake hadi mwisho, msee wa smokie akiwa amesimama na kifuniko kwa mkono anaskiza. Alipofika kwa "Gikomba" sauti yake haikushuka. Akatuma.